Biliqo: Ushahidi wa Wenye Malisho

Kabla ya mwaka 2013, nyasi za Biliqo ziligawanywa vipi? Hilo ni swali la kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aende nalo likizo. Akilifuatilia kwa bidii, atajikuta ameingia katika biashara ya mamilioni ya dola, katika sheria ya ardhi ya Kenya, na katika kesi ambayo wafugaji wenyewe waliifikisha mahakamani. Nimelichagua liwe kiini cha sura hii kwa sababu hiyo. Historia simulizi hufundishwa katika vyuo vyetu vingi kama kipengele cha utamaduni, kitu cha siku ya sherehe, ngoma zikipigwa na mzee akipewa kipaza sauti kwa dakika tano. Biliqo inatuonyesha kwamba maneno ya mzee huyo ni ushahidi, na kwamba tusipowafundisha vijana kuyapokea hivyo, watu wengine watasimulia historia ya malisho hayo kwa niaba ya wenyewe.

Biliqo ni makazi ya wafugaji wa Kiborana katika wadi ya Chari, Kaunti ya Isiolo, upande wa kaskazini wa mto Ewaso Ng'iro, ambao wenyeji huuita Waso. Magharibi wanapakana na Wasamburu, kaskazini na Warendille wa Marsabit. Mwaka 2007 eneo lao pamoja na Bulesa liliundiwa hifadhi ya jamii, Biliqo-Bulesa, chini ya Northern Rangelands Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2013 likawa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo uliofunika karibu hekta milioni 1.9 za kaskazini mwa Kenya. Wazo la mradi si gumu kueleweka. Mifugo ikilishwa kwa mpango, ikakusanywa pamoja na kuhamishwa kwa zamu, nyasi hupata nafasi ya kupumua, mizizi yake hushuka, na kaboni hujikusanya udongoni. Kaboni hiyo hupimwa kwa hesabu maalumu, kisha huuzwa kwa kampuni zinazotaka kufidia moshi wake. Netflix na Meta zimekuwa miongoni mwa wanunuzi.

Kinachouzwa katika biashara hii ni tofauti kati ya kabla na baada. Ili tofauti ipatikane, ni lazima kwanza mtu aseme watu walichunga vipi kabla ya mradi kufika. Akisema walichunga ovyo, kila mtu na ng'ombe wake, tofauti itakuwa kubwa. Akisema walikuwa na utaratibu wao, hesabu nzima inabadilika. Machi 2023, Survival International ilitoa ripoti iliyoandikwa na Simon Counsell, ikidai kwamba mradi haukuthibitisha kuwa malisho ya zamani hayakuwa na mpango, na kwamba jamii kama Waborana walikuwa na mpango wao tangu zamani. Northern Rangelands Trust ilizikanusha hoja za ripoti hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2021, wananchi 165 walikuwa tayari wamefungua kesi wakisema hifadhi ziliundwa katika ardhi yao bila wao kushirikishwa ipasavyo. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo-Bulesa na ile ya Cherab hazikuundwa kwa mujibu wa sheria.

Sikusudii kuisikiliza kesi hiyo upya hapa. Ninachotaka mwalimu wa chuo akione ni kwamba "kabla ya mradi" ni dai la kihistoria. Setilaiti itakuonyesha mahali palipokuwa na kijani mwaka 2005. Haitakuonyesha wazee waliokaa chini ya mti wakaamua mifugo isivuke upande ule mpaka mvua ya hagaya, yaani ya vuli, ipite. Habari hiyo haimo katika picha, na katika mafaili ya serikali imo kwa vipande tu. Imo katika kumbukumbu za watu, na watu hao wanazeeka.

Utaratibu wenyewe una jina, dedha. Dedha ni eneo la malisho lenye mipaka inayojulikana, na pia ni watu wanaolitumia kwa pamoja. Wanaoliangalia huitwa jarsa dedha, yaani wazee wa dedha. Wao hupanga malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na sehemu ya akiba ambayo haiguswi mpaka ukame ukaze. Mifugo ya maziwa hubaki karibu na maboma, ile isiyonyonyesha hupelekwa mbali, katika makambi ya fora, ikichungwa na vijana. Kwenye visima yuko abba herega, mwangalizi wa zamu ya kunywesha, ambaye neno lake huzuia ugomvi kabla haujaanza. Mgeni akija na mifugo wakati wa shida huomba, hutajwa yeye ni nani na ametoka wapi, hupewa masharti. Haya yote yana kanuni, yana adhabu, yana kesi zilizowahi kuamuliwa. Mwanafunzi anayekwenda Biliqo akidhani anakwenda kukusanya ngano za sungura na fisi, ambazo nazo zina thamani yake, atashangaa kukuta anasimuliwa sheria ya utawala wa ardhi.

Watu wengine wa Isiolo walikwisha kuiona thamani hiyo. Kuanzia mwaka 2011, wakati mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ulipoanza kujaribiwa katika kaunti hiyo, wafugaji walikaa na wataalamu wa ramani. Picha za setilaiti zikaonyeshwa ukutani, na wazee wakaanza kutaja. Hapa kuna kisima, hapa maji yana chumvi, hapa ni njia ya mifugo, hapa ni akiba ya ukame, hapa usilaze ng'ombe kwa sababu ya kupe. Kijana mwenye kompyuta akiandika, mzee akimsahihisha. Ramani zilizotokana na kazi hiyo zikasaidia kuamua ni wapi pachimbwe bwawa na wapi pasichimbwe, maana kisima kinapotobolewa katikati ya akiba ya ukame huvuta watu mwaka mzima, na akiba inakufa. Naipenda sana kazi ile. Ni historia simulizi inayoamua pesa za umma ziende wapi. Tatizo lake, nionavyo, ni kwamba ramani ilihifadhi majibu ikaacha masimulizi. Ukiitazama leo utajua mahali akiba ilipo, lakini hutajua nani aliiweka, katika mwaka gani wa shida, baada ya ugomvi gani. Hapo ndipo chuo kingeingia.

Na Afrika Mashariki si mgeni katika kazi ya kuingiza masimulizi vyuoni. Bethwell Ogot alipoanza utafiti wake juu ya Wajaluo wa kusini, walimu wengi wa Ulaya waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Kitabu chake cha mwaka 1967 kiliwajibu kwa nasaba na masimulizi ya uhamaji, yaliyolinganishwa ukoo kwa ukoo mpaka yakatoa mfuatano wa vizazi. Huko Kongo, Mbelgiji Jan Vansina alikuwa amefanya kazi kama hiyo kwa Wakuba, na mwaka 1961 akaandika kanuni zake. Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa mwalimu ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1968 na 1969, Chuo Kikuu, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, kiliwatuma wanafunzi wa historia katika wilaya zilizopigana vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wengi walirudi kwao. Waliwahoji wazee waliokuwa vijana au watoto wakati wa vita, kwa lugha zao, wakaandika taarifa zao, na taarifa hizo zikakusanywa kuwa juzuu ambayo watafiti wanaitumia mpaka leo. Mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameongeza kitu katika hazina ya taifa kabla hajapata shahada.

Mradi huo una somo la pili, na hili ndilo husahaulika. Watafiti wa baadaye, wakiwemo waandishi wa kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, waliyarudia masimulizi yale na kuona jinsi maswali yalivyoelekeza majibu. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961. Wanafunzi walikwenda wakitafuta umoja wa kitaifa, na umoja ukapatikana, wakati hadithi za njaa, za ugomvi kati ya majirani na za wanawake zikasukumwa pembeni. Wazee hawakudanganya. Walijibu walichoulizwa. Mwalimu anayepeleka vijana Biliqo leo hana budi kujiuliza jambo hilohilo. Je, swali letu ni "hifadhi iliwadhulumu vipi?" au "hifadhi iliwafaidi vipi?" Yote mawili yana majibu tayari ndani yake. Swali la kazi ni lile la mwanzo, kabla ya mradi mlichunga vipi, na hata hilo lisiulizwe siku ya kwanza.

Siku ya kwanza, mtu husikiliza. Anapokewa, anakunywa chai ya maziwa au anakaribishwa buna, kahawa ya punje zilizokaangwa kwa samli, anaulizwa yeye ni mtoto wa nani. Huko kuulizwa ni sehemu ya utafiti, maana mzee wa Kiborana hupima msikilizaji kabla ya kufungua mdomo. Kati ya Waborana wako wanaojulikana kwa jina la argaa-dhageettii, walioona na kusikia, na jamii huwaendea habari za kale kwa sababu wanatofautisha waziwazi kati ya hayo mawili. Hili niliona kwa macho, lile nililisikia kwa fulani, na fulani aliambiwa na baba yake. Asmarom Legesse, mwanazuoni wa Kieritrea aliyeandika juu ya mfumo wa utawala wa gada katika kitabu chake cha mwaka 1973, alitegemea sana wanahistoria wa namna hiyo. Walimpa orodha ya viongozi wa gada, kila mmoja kwa kipindi cha miaka minane, orodha inayorudi nyuma karne kadhaa. Kalenda hiyo hubebwa kichwani, na ina uwezo wa kukaguliwa, maana mzee akikosea mfuatano mzee mwingine atamkatiza palepale.

Hapa naomba mwalimu awe mwangalifu. Ukisoma vitabu juu ya gada ukaenda Biliqo ukitarajia kukuta kalenda ileile, utawafanya watu wa Waso waonekane Waborana nusu. Historia yao ni nyingine. Waingereza waliwagawia nchi ya Waso katika miaka ya 1930, wakachora mipaka iliyowatenga na ndugu zao wa Marsabit, Moyale na Ethiopia, walikobaki viongozi wa gada na mikutano yake. Watu wa Waso wakawa Waislamu. P. T. W. Baxter aliyefanya utafiti kaskazini mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Gudrun Dahl aliyekuja katika miaka ya 1970, wote waliandika juu ya Waborana wa upande huu wakiwa katika mabadiliko hayo. Kwa hiyo, huko Biliqo, wakati mara nyingi hupimwa kwa matukio. Mwaka aliouawa mkuu wa wilaya Wabera. Ukame wa 1984. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Na tukio linalopita yote, Gaafa Daaba.

Hapo ndipo darasa linapaswa kukaa kwa muda mrefu.

Gaafa Daaba ni wakati wa kusimamishwa. Ndiyo miaka ya vita vya shifta, vita vya serikali na waliotaka kujitenga na Kenya, na jina lenyewe linasema jinsi wafugaji walivyovipata. Maisha yaliambiwa yasimame. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikiwauliza watu wanataka nini, na wengi, hasa Wasomali, wakataka kuungana na Somalia. Waborana wa Isiolo waligawanyika. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mborana aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido walipokuwa katika safari ya kuwashawishi watu wasijitenge. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba. Majuma kama mawili baadaye hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, na mkono wake ukafika Isiolo. Kufikia 1966 na 1967, watu wa Waso walikusanywa katika makambi huko Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakalazimishwa kukaa na mifugo yao palepale, chini ya ulinzi. Mfugaji asiyeruhusiwa kuhama humwangalia mnyama wake akifa. Mwingine mifugo yake ilipigwa risasi, mwingine yake ilichukuliwa. Ngamia, ambao ndio bima ya ukame, walikaribia kwisha katika wilaya hiyo. Watu waliokuwa matajiri wa mifugo waliondoka makambini wakiwa maskini wa kupewa chakula, na wengi hawakuwahi kurudi kwenye ufugaji. Mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia, Oktoba 1967, yalimaliza vita hivyo rasmi. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria iliyowakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kaskazini tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967, na Isiolo ilitajwa ndani yake.

Sheria hiyo ilikuwa na athari ya kihistoria ambayo wanafunzi hawaioni mpaka waonyeshwe. Pasipokuwa na mashtaka hapana mashahidi, na pasipokuwa na mashahidi hapana kumbukumbu za mahakama. Serikali ilihifadhi taarifa zake za kijeshi. Wajane wa Merti hawakuandikwa popote. Kwa zaidi ya miaka arobaini ushahidi wao ulikaa katika mazungumzo ya usiku, mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokwenda kaskazini kuwasikiliza watu, na ripoti yake ikakabidhiwa tarehe 21 Mei 2013. Mwaka huohuo Zeinabu Kabale Khalif na Gufu Oba walichapisha utafiti wao juu ya Gaafa Daaba, uliojengwa juu ya masimulizi ya wafugaji wenyewe, ukifuata athari za makambi yale katika uchumi wa kaya tangu 1963 hadi 2007. Gufu Oba ni mwanazuoni aliyetoka katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, na kazi zake nyingi zinaonyesha jambo ninalolipigania hapa. Yeye ni mtaalamu wa ikolojia ya malisho, na humsikiliza mchungaji kama mtaalamu mwenzake, kisha huyalinganisha maneno hayo na vipimo vya uoto na nyaraka za kikoloni.

Sasa turudi kwenye swali la nyasi. Mtu akisema kwamba kabla ya 2013 dedha za Biliqo zilikuwa dhaifu, huenda hakukosea. Lakini kwa nini zilidhoofika? Mwanafunzi aliyesikiliza Gaafa Daaba ana jibu ambalo mtu wa mradi hana. Wazee waliokuwa na mamlaka juu ya malisho walifungiwa pamoja na watu wao. Zamu za visima zilikatika. Vijana waliopaswa kujifunza fora walikulia katika foleni ya mahindi. Kanuni ambayo haikutekelezwa kwa miaka kadhaa hudhoofika, na kuirudisha huchukua kizazi. Baadaye zikaja silaha kutoka nchi jirani zilizoporomoka, ukame ukaja mara kwa mara, na machifu wa serikali wakachukua nafasi ya wazee. Dedha ikajengwa upya, ikavunjika, ikajengwa tena. Hiyo ni historia yenye sababu na matokeo, na mtu aliyeijua hawezi kuandika sentensi moja tu kwamba wafugaji hawakuwa na mpango. Vilevile hawezi kuandika kwamba palikuwa na pepo ya malisho iliyoharibiwa na wageni mwaka 2007.

Katika tarehe, wasimulizi watakosea. Mzee atakwambia alitoka kambini mwaka wa ukame mkubwa, na ukipiga hesabu utaona ameunganisha miaka miwili iliyoachana. Mwalimu mvivu atalitupa simulizi hilo. Mtaliano Alessandro Portelli alitufundisha la kufanya. Katika mji wa Terni, mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949, katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Wafanyakazi wengi aliowahoji Portelli walisema aliuawa mwaka 1953, wakati maelfu walipofukuzwa kiwandani. Walikosea tarehe kwa namna moja, na kosa hilo lilimwambia kitu. Kwao kifo cha Trastulli kilikuwa kimehamia mahali kilipokuwa na maana zaidi. Mzee wa Biliqo anapoweka njaa ya miaka ya baadaye ndani ya kambi, anatuambia kwamba kwake umaskini wa leo ulianzia pale. Andika alichosema. Kisha tafuta tarehe katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, ambako ripoti za kila mwaka za wilaya zimehifadhiwa, na uziweke pamoja bila kuifuta moja kwa ajili ya nyingine.

Ningependa pia mahojiano yafanywe kwa miguu. Mzee akikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kinasa sauti atasema kwa jumla, malisho yetu yalikuwa mazuri, watu waliheshimiana. Mtembeze hadi kisimani, naye ataonyesha jiwe alilokalia abba herega, atataja ng'ombe aliyetumbukia, atakumbuka jina la mgeni aliyenyimwa maji na sababu yake. Mahali humkumbusha mtu mambo ambayo swali halifiki. Na wanawake wahojiwe na wanawake, kwa wakati wao, maana alfajiri wanakamua na mchana wanatafuta maji. Mzee ataeleza mpaka wa dedha. Akko, bibi wa boma, ataeleza ni mwezi gani maziwa yalikatika, ndama gani waliachwa, familia gani ilihama kimyakimya kabla wazee hawajaamua. Kwa suala la nyasi, ushahidi wa maziwa ni kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua, na darasa lililoandaliwa na wanaume peke yao hulikosa.

Kuna jirani pia. Nchi ya Kom, kaskazini mwa Biliqo, yenye maji ambayo watu huyakimbilia wakati wa kiangazi, inakumbukwa na Waborana, Wasamburu na Warendille, kila mmoja kwa namna yake. Kila upande una majina ya mahali, una makaburi, una kesi za mapatano. Damu imemwagika huko. Chuo kikikusanya masimulizi ya upande mmoja na kuyachapa kwa nembo yake, kitakuwa kimetengeneza silaha. Pendekezo langu ni kwamba mradi wowote wa Biliqo uwe na wanafunzi wa jamii zote tatu, wanaosikiliza pande zote, na kwamba majina ya watu waliohusika katika mashambulizi yasirekodiwe kabisa. Ugomvi wa wanafunzi darasani, Mborana na Msamburu wakilinganisha masimulizi mawili ya kisima kimoja, utakuwa na faida kuliko mihadhara yangu yote. Mara nyingi watagundua kwamba yale mawili yanakubaliana kuhusu kanuni, kwamba mgeni aombe na mwenyeji asimnyime maji ya kunywa, na yanatofautiana kuhusu nani alikuwa mwenyeji.

Mahakama za dunia zimeanza kulipa neno la mdomo uzito wake. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Delgamuukw, ilisema kwamba historia za mdomo za Wagitxsan na Wawet'suwet'en zilistahili kupewa nafasi pamoja na nyaraka katika madai ya ardhi. Hapa kwetu, Waendorois walisikilizwa na Tume ya Afrika, iliyotoa uamuzi wake juu ya ardhi yao ya Ziwa Bogoria mwaka 2010, na Waogiek wakashinda mbele ya Mahakama ya Afrika mwaka 2017. Katika kesi hizo zote jamii zililazimika kueleza zilivyoishi katika ardhi ambayo hazikuwa na hati yake. Simulizi lililokusanywa vizuri, lenye jina la aliyeona na aliyesikia, lenye mahali na msururu wa waliolipokezana, husimama imara wakili wa upande wa pili anapouliza maswali. Simulizi la "wazee wanasema" huanguka kwa swali la kwanza.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaipa jamii nafasi ya kusajili ardhi yake, na mpaka isajiliwe, ardhi hiyo hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Ili kusajili, jamii hujitambulisha, huonyesha mipaka, hueleza matumizi. Hayo ndiyo maswali ambayo jarsa dedha wamekuwa wakiyajibu siku zote. Kundi la wanafunzi wenye vinasa sauti, daftari na mwalimu mvumilivu linaweza kuwaandalia watu wa Biliqo msingi wa maombi hayo katika likizo mbili, na wakati huohuo likapata alama zake za shahada. Nakala ziandikwe kwanza kwa Kiborana, katika herufi zinazotumiwa kuandika Kioromo, ndipo zifasiriwe kwa Kiswahili, ili mzee akisomewa ayatambue maneno yake na aweze kusema hapa hapakuwa hivi.

Suala la mwisho ni ufunguo wa kabati. Kwa miongo mingi watafiti wameondoka kaskazini na kanda zao, na mjukuu wa msimulizi hulazimika kuandikia chuo cha ng'ambo barua ili asikie sauti ya babu yake. Kenya sasa ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na ile ya kulinda maarifa ya jadi ya mwaka 2016, na zote mbili zinampa mwalimu msingi wa kufanya vingine. Mkataba uandikwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Nakala moja ibaki Biliqo, shuleni au msikitini au kwa kamati itakayochaguliwa na watu wenyewe, na chuo kibaki na nakala ya pili kwa masharti yao. Msimulizi aweze kusema sehemu hii isikilizwe na wote, hii na watu wa dedha pekee, na hii nifungieni mpaka nife. Na likija shirika lolote, la kaboni, la mafuta, la maji, likiuliza watu walichunga vipi hapo kale, litumwe kwa kamati hiyo, likae chini, lisikilize kanda kuanzia ya kwanza.